Tupeane uzoefu: tizi limekubadilishia nini kwenye maisha ya kila siku?

Dada wa Ghorofani
Wakuu, heshima kwenu. Leo lifti imegoma tena hapa tunapoishi na gesi ilikata asubuhi maharage yakiwa jikoni. Kijana wa duka kashusha mtungi getini kaondoka zake, ana wateja wengine wanasubiri. Nikaubeba mwenyewe. Mtungi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake unakaribia kilo 30. Ghorofa ya nne, nimepumzika mara moja tu, nimefika nikafunga gesi na kuendelea na maharage.

Nikakumbuka enzi napanda ngazi hizo hizo mikono mitupu, nahema mpaka jirani ananiuliza kama nina pumu. Kliniki walinipima presha, wakaniambia nipunguze chumvi na nianze mazoezi kabla hatujafika kwenye vidonge. Jimu iko mbali na mfuko wangu. Nilianza na kiti cha jikoni, kukaa na kuinuka bila kushika kitu. Pushapu za ukutani. Ndoo mbili za maji, natembea nazo korido nzima na kurudi. Kutoka ukutani nikahamia mezani, kutoka mezani nikashuka sakafuni. Ndoo zilianza nusu, siku hizi zinajaa.

Mizani sina, kwa hiyo habari za kilo msiniulize. Nyie wenzangu je? Kila mtu amwage lake.

Mtoto wa Mbagala
Nimeweka kambi hapa.

Mchakamchaka
Dada hongera sana. Mimi ni mtu wa klabu ya jogingi, Temeke. Watu wanaona tunakimbia na filimbi Jumapili alfajiri wanadhani ni kukimbia tu. Nilihamia mtaa huu simjui mtu. Leo nikifiwa, wenzangu wa klabu ndio wanafika na turubai kabla hata ndugu hawajapanda basi. Tunakimbia, tunachangia damu, tunakwenda kufanya usafi hospitalini, ukiumwa wanakuja kukuona. Siku nikiamka mzito, zile nyimbo zikipita dirishani nasikia aibu kubaki kitandani. Peke yangu ningeshaacha zamani.

Kaka Mkubwa
Na sisi tunaofanya kazi zamu ya usiku mnatuamsha saa kumi na moja na filimbi zenu. Mnaziba barabara nzima, daladala zinawafuata nyuma kama msiba. Mazoezi mazuri ila na sisi tuoneeni huruma.

Mchakamchaka
Mkuu pole, kwetu tuna kiongozi wa barabarani mwenye kizibao na bendera, na tunakaa upande mmoja. Klabu zisizofanya hivyo zinatuharibia wote, hapo nakubaliana na wewe. Filimbi siachi, maana ndiyo inayoshika hatua.

Zege Halilali
Jimu yetu iko chini ya mwembe. Vyuma nimetengeneza kwa mkono wangu na bado vinadunda. Kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege linakuja karibu kilo 10. Unachomeka bomba la chuma, unaacha likauke siku kadhaa huku unamwagia maji kama unavyofanya kwenye nguzo ya nyumba, ndipo unageuza upande wa pili. Shida ni usawa: upande mmoja ukizidi, unanyanyua ukiwa umepinda, na mgongo ndio unaolipa. Mimi napeleka kwenye mizani ya jamaa wa vyuma chakavu, naongeza au nachonga mpaka pande zote zilingane. Na komeni kuweka bomba la plastiki, litakatika likiwa juu ya kifua chako.

Mtoto wa Mbagala
Mkuu hivyo vyuma unauza?

Pumzi Ndefu
Mwanamke asiguse vyuma lakini. Atembee tu, akate kitambi. Mke wa mtu akiwa na mabega ya kubeba mizigo inakuwaje?

Dada wa Ghorofani
Inakuwa anabeba mtungi wa gesi, mkuu.

Nesi wa Zamu
Pumzi Ndefu, misuli mikubwa ya kiume inategemea sana testosteroni, ile homoni ya kiume, na mwanamke anayo kidogo mno ukilinganisha na mwanaume. Atapata nguvu, mwili utakaza, na mifupa itafaidika, jambo linalomhusu sana akishakoma hedhi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote, wake kwa waume, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na juu yake mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kutembea peke yake kunaacha hilo la pili.

Pumzi Ndefu
Sawa nesi, ila mama zetu walifanya hayo wapi?

Bibi wa Pangani
Wanangu, mama zenu walikuwa wanatwanga, wanachota maji kisimani na kubeba kuni kichwani. Hilo ndilo lilikuwa zoezi. Mimi nimehamia kwa mwanangu mjini, maji bombani, unga dukani. Miaka michache tu magoti yakaanza kunikatalia. Nilifika mahali nikisujudu nasubiri mtu anishike mkono kuinuka, nikawa nasalia kwenye kiti. Mjukuu wangu akanishika, kila asubuhi ananihesabia kukaa na kuinuka, nashika meza. Baadaye nikaachia meza. Sasa nasujudu na kuinuka mwenyewe, na choo cha kuchuchumaa nakwenda bila kuita mtu. Mkiwa vijana hamuwezi kuelewa hilo lina thamani gani.

Dada wa Ghorofani
Shikamoo bibi. Umenitoa machozi.

Mtoto wa Mbagala
Shikamoo bibi. Na mjukuu apewe zawadi.

Kaka wa Pacha
Nilikuwa nasoma tu, ila acha niandike, maana kila mtu anasema "anza leo" na mdogo wangu kuanza leo nusura kuondoke naye.

Alikuwa kijana wa ofisini, hajafanya zoezi lolote tangu shule. Marafiki wakamshawishi, akajiunga jimu moja. Mwalimu wa pale ana mtindo wa kumpima mgeni siku ya kwanza: kuchuchumaa na chuma begani, kisha kuruka, kisha kuchuchumaa tena, na ukitaka kupumzika anakupigia makofi watu wote wageuke. Dogo ana aibu, hakutaka kuonekana legelege. Alimaliza. Akarudi nyumbani kwa bodaboda kwa sababu kupanda daladala kulimshinda.

Kesho yake mapaja yamevimba, yamekaza kama gogo, hawezi kushuka kitandani. Tukasema ni maumivu ya kawaida ya kuanza. Mama akamkanda maji ya moto, mtu mwingine akamletea diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Siku iliyofuata akaniita chooni. Mkojo ulikuwa rangi ya soda nyeusi, nadhani mnajua ninachosema. Alinitazama akasema, "Kaka, ninakojoa damu."

Hospitali daktari aliuliza swali moja tu: umefanya mazoezi makali hivi karibuni? Ikaonekana siyo damu. Misuli ilikuwa imevunjika, na vilivyomo ndani yake vimeingia kwenye damu vikaenda kuziba figo. Kipimo cha damu kinachoonyesha misuli imevunjika kiasi gani, kinaitwa CK, kilikuwa juu kupita kawaida kiasi kwamba waliomba kirudiwe. Akawekewa dripu moja baada ya nyingine, mkojo unapimwa kila saa kwenye mfuko, na tukaambiwa tujiandae kisaikolojia kama itabidi asafishwe damu kwa mashine. Mama alikaa pale kwenye benchi anashika rozari, hali wala halali. Mimi nilikuwa nautazama ule mfuko tu, kila saa nautazama. Rangi ilipoanza kufunguka kuwa ya chai, halafu ya njano, nilitoka nje nikalia.

Hakusafishwa. Figo zilirudi. Lakini kwa siku kadhaa hatukujua.

Mtoto wa Mbagala
Daah. Pole sana mkuu. Hata vyuma sitaki tena.

Pumzi Ndefu
Hii chai. Mtu akojoe soda kwa sababu ya kuchuchumaa? Sisi jeshini tulichuchumaa kutwa.

Kaka wa Pacha
Mkuu siwezi kutunga habari ya mdogo wangu.

Nesi wa Zamu
Siyo chai. Inaitwa rabdomayolisisi, na nimehudumia wagonjwa wake. Jeshini pia inatokea, hasa kwa kuruta kwenye jua kali. Misuli isiyozoea ikilazimishwa ghafla ndipo inapovunjika. Mkojo ukigeuka mweusi au kahawia baada ya zoezi, usisubiri kesho, nenda hospitali. Na hizo diklofenaki na ibuprofeni wakati figo ziko hatarini zinaongeza tatizo, msimezeshane kienyeji.

Kapu la Dagaa
Angekunywa maziwa kabla.

Kaka Mkubwa
Maziwa yanahusikaje? Tangawizi na asali ndiyo inafungua misuli.

Nesi wa Zamu
Maji, na kuanza kidogo. Mengine kunyweni kwa raha zenu.

Zege Halilali
Kijana akija kwangu chini ya mwembe, wiki ya kwanza ananyanyua bomba tupu. Wengine wanakasirika wanaondoka. Waondoke. Anayebaki namuongezea kidogo kila akiweza kurudia bila kupinda. Huyo mwalimu wa makofi angekuwa fundi wa nyumba angeezeka kabla ya msingi.

Muscat Usiku
Niko Oman kwa kazi. Kiangazi hapa joto linapita nyuzi 40, mchana kukimbia ni kujitafutia jambo. Tunatembea usiku kule Mutrah kando ya bahari baada ya isha, Wazanzibari watupu, tunapiga soga za nyumbani. Ukiwa na joto na mwili haujazoea, hiyo habari ya mdogo wako inaweza kumpata yeyote. Poleni sana.

Kapu la Dagaa
Jamani na poda za protini? Kopo moja bei yake nanunua dagaa wa mwezi.

Mchakamchaka
Nunua dagaa.

Pumzi Ndefu
Mayai.

Kapu la Dagaa
Wa Kigoma au wa Mwanza?

Mchakamchaka
Usituletee vita hapa.

Dada wa Ghorofani
Kaka wa Pacha, anaendeleaje sasa? Aliwahi kurudi kwenye mazoezi?

Kaka wa Pacha
Alikataa kabisa muda mrefu. Daktari alimruhusu arudi taratibu baada ya vipimo kukaa sawa, ila hofu ilikuwa kichwani. Sasa anatembea jioni na mama, na juzi nilimkuta anapiga pushapu za ukutani. Nitamwonyesha uzi huu, hasa kile kiti cha jikoni na maneno ya bibi.

Bibi wa Pangani
Mwambie aanze na meza, ashike.

Pumzi Ndefu
Kaka wa Pacha, nilikuita mwongo. Nimeuliza afande mmoja wa zamani, kasema waliwahi kumpoteza mwenzao kwa hilo hilo. Msalimie dogo.

Mtoto wa Mbagala
Zege Halilali, hujanijibu. Bomba tupu pamoja na makopo mawili, mpaka Mbagala Rangi Tatu, bei gani?

Zege Halilali
Nitumie ujumbe. Makopo utakuja kuchukua mwezi ujao. Bomba naleta Jumamosi.