Kuhamisha banda la mita 8 kwa 5 kwenda kwenye msingi mpya bila kulibomoa

Mkulima wa Njombe (mwuliza swali)

Ndugu mafundi na wakulima wenzangu, habari za kazi. Nina banda la mbao za paini lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Kuta zina kimo cha mita 2.6 na paa ni la mabati. Humo nahifadhi viazi vya mbegu, mbolea na zana. Lilijengwa bila msingi, mbao ya chini ikilazwa juu ya mawe machache tu, na kwa kuwa liko mahali ambapo maji ya mvua hutuama, mbao hiyo imeoza upande mmoja kwa karibu mita 2, ingawa kuta na kenchi bado ni imara.

Nimepata mahali pakavu, mita 14 kutoka hapo, ambapo ardhi iko juu zaidi kwa sentimita 20 tu, nami nakusudia kujenga msingi wa tofali wenye kimo cha sentimita 30. Sasa ni mwanzoni mwa Septemba na huku kwetu mvua huanza Novemba. Je, banda la ukubwa huu laweza kuhamishwa likiwa zima? Majirani wananishauri niite vijana 40 walibebe kwa mikono.

Seremala wa Mafinga

Ndugu mkulima, linawezekana, lakini anza kwa kujua uzito. Nikichukulia kwamba kuta ni za mbao za inchi 1, ambazo kwa paini kavu huwa na uzito wa takriban kilo 500 kwa mita moja ya ujazo, kuta peke yake ni kama kilo 850. Ongeza fremu, kenchi, papi na mabati, utafika tani 1.7 hivi. Ukiwagawia vijana 40 mzigo huo, kila mmoja anabeba zaidi ya kilo 40, iwapo wote watanyanyua sawasawa, jambo ambalo sijawahi kuliona likitokea. Niliwahi kushiriki kubeba banda dogo zaidi ya hilo kwa njia hiyo. Watu wa kona moja walikanyaga shimo la mhogo, kona ikashuka, na ukuta mzima ukachomoka kwenye misumari yake. Hakuna aliyeumia, lakini ilikuwa bahati tu.

Ningelipitisha juu ya mabomba. Kabla ya kuligusa kwa jeki, likaze kwanza: toa mlango na kila kilichomo, pigilia mbao za mshazari ndani ya kila ukuta kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, ziba uwazi wa mlango kwa mbao mbili zilizokatana kama herufi X, na kata kile kipande kilichooza uweke kipya, kwa sababu jeki haiwezi kusukuma mbao iliyooza. Banda lisilokazwa halianguki mara moja, bali hupinda kidogo kidogo, na utagundua umeliharibu pale tu litakapokataa kukaa juu ya msingi.

Mama Shamba, Makete

Kwa heshima zote, mimi ningelibomoa. Ukiandika namba kwenye kila mbao na kupiga picha za kila ukuta, mafundi wawili watalirudisha ndani ya siku chache, na hutahitaji kukodi jeki wala mabomba.

Seremala wa Mafinga

Mama, shauri lako ni jema kwa banda lililofungwa kwa bolti. Hili ni la misumari, na paini iliyokauka kwa miaka mingi hupasuka kwenye ncha msumari unapong'olewa. Mabati nayo yatabaki na matundu ambayo hayataangukia tena mahali pake. Atajikuta ananunua robo ya banda jipya.

Fundi Mawe

Naomba niingie upande wa msingi, maana wengi hujenga msingi mzuri kisha wakakosa namna ya kuliweka banda juu yake. Banda litafika likiwa limebebwa na boriti za kukingama zilizopita chini ya kuta ndefu, na boriti hizo zitakuwa juu ya magogo mawili marefu yanayoviringika juu ya mabomba. Vitu hivyo vyote vitatokaje wakati banda limekalia tofali? Kwa hiyo, katika kozi (safu ya tofali) ya mwisho ya kuta ndefu za msingi acha mapengo mahali kila boriti itakapolala, na ukuta mfupi unaoelekea banda la zamani usiupandishe kwanza, ili magogo yapate njia ya kuingilia na kutokea. Banda likishashushwa, boriti huchomolewa kwa pembeni, ndipo unapoziba mapengo na kumalizia ukuta huo.

Jamvi la ndani, yaani zege la sakafu, usilimwage sasa. Kalimwage banda likishakaa, kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kwani wakati wa kazi utahitaji nafasi ya kupanga vitalu vya mbao na jeki humo ndani. Kuta za msingi zimwagilie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, na zipe wiki mbili kamili kabla ya kuzitwisha mzigo. Tafadhali pima banda lenyewe na si ramani: chukua vipimo vya kona hadi kona kwa mshazari. Kwa mita 8 kwa 5, kila mshazari unapaswa kuwa mita 9 na sentimita 43.

Mkulima wa Njombe

Ahsanteni sana. Nimepima: mshazari mmoja ni mita 9.40 na mwingine ni mita 9.46. Je, nijenge msingi uliopinda kama banda, au uliokaa sawa?

Fundi Mawe

Jenga uliokaa sawa, na kozi ya juu uilaze tofali ili iwe na upana wa sentimita 20 au zaidi. Upana huo utasamehe makosa madogo.

Seremala wa Mafinga

Na kupinda huko kunarekebishika. Banda likiwa juu ya mabomba, funga winchi ya mkono kwenye kona mbili za ule mshazari mrefu, uvute taratibu mpaka mishazari miwili ilingane, kisha pigilia mbao za kukaza kwenye kona nne, zikilazwa bapa. Ili livutike, mbao za mshazari za kwenye kuta haziguswi, kwa sababu kinachonyooshwa hapa ni umbo la chini na si wima wa kuta.

Jambo moja zaidi kuhusu kimo. Usilivute likipanda mteremko. Linyanyue hapo lilipo mpaka lifikie kimo cha msingi mpya, panga vitalu vya mbao vilivyokingamana chini ya reli zako, yaani njia ambayo mabomba yataviringika juu yake, na reli hizo zipimwe kwa mpira wa maji (bomba laini lenye maji la kupimia usawa) ziwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyanyua sentimita 5 kila kona kwa zamu, na kila inapopanda, ingiza kitalu papo hapo. Jeki ya lori huweza kuvuja mafuta bila kukuaga, kwa hiyo mtu yeyote asiingize mkono wala kichwa chini ya banda lililoshikwa na jeki peke yake. Weka pia kabari mbele na nyuma ya mabomba kila mnapopumzika.

Mkulima wa Njombe (wiki tano baadaye)

Ndugu zangu, banda limehama. Kunyanyua kulichukua siku nzima, ilhali kuvuta mita 14 kulikwisha kwa saa tatu, wanaume wanne wakitumia winchi moja na mabomba saba ya inchi 3 yaliyokuwa yakihamishwa kutoka nyuma kwenda mbele. Mara mbili bomba lilikwenda upande tukalirudisha kwa kuligonga nyundo kwenye ncha. Mishazari sasa inatofautiana kwa sentimita 1. Kati ya tofali na mbao tulitandika karatasi ya lami, na banda limefungwa kwa nondo za milimita 12 zilizochomekwa kwenye zege la mapengo, kwa sababu huku kwetu upepo wa kilimani hauna utani.

Limebaki tatizo dogo: mlango haufungi tena. Inaonekana aliyeutengeneza aliukata kufuata fremu iliyopinda, na sasa fremu imenyooka. Je, niurande?

Seremala wa Mafinga

Hongera sana. Usiurande sasa. Subiri mvua za kwanza zipite na mbao zivimbe, ndipo uone unagusa wapi.