Mrejesho: Kazi iko Posta (katikati ya jiji), nikae wapi Dar es Salaam?
Wakuu, niliuliza nichague Kimara, Tabata au Kigamboni. Nimechukua Kimara, jirani na kituo cha mwendokasi: mabasi mengi huanzia hapo, hivyo ukiwahi asubuhi unapata kiti, wakati wanaopandia vituo vya mbele husimama. Ubaya wake, mvua kubwa ikijaza maji bonde la Jangwani, lililo njiani kuelekea Posta, njia hukatika. Kigamboni ingenifunga kwenye foleni ya kivuko.

Mtakaofuata, kabla ya kulipa kagueni LUKU (mita ya umeme) kwanza. Mita ikiwa ya pamoja, mwenye friji na mwenye taa mbili wanachangia sawa, na ugomvi haukosi. Waulizeni wapangaji, si dalali, maji hutoka siku zipi. Andaeni kodi ya miezi 6 pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Asanteni sana.