Kicheza muziki kinasema kimejaa ilhali nyimbo nimeshazifuta

Mwanzi ameuliza:

Habari zenu, wakuu. Nina kicheza muziki kidogo cha GB 8, ambacho hukiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB na kunakili nyimbo moja kwa moja katika folda yake ya muziki. Nilipotaka kuingiza albamu mpya kilinijulisha kwamba nafasi haitoshi, nikafuta albamu nyingi za zamani, lakini ujumbe umebaki uleule. Folda ya muziki sasa ina GB 3.1 tu, ilhali nafasi inayoonyeshwa kuwa wazi ni MB 40. Tena, ukubwa wa kifaa chote unasomeka GB 7.9 kwenye Mac ninayoitumia kufutia nyimbo, na GB 7.4 kwenye kompyuta nyingine yenye Windows. Je, nafasi hiyo imekwenda wapi, au kifaa kimeanza kufa?

Kinanda amejibu:

Usijisumbue, ndugu. Hamisha nyimbo zako kwenye kompyuta, kifomati kifaa (yaani kifute chote na kukiandaa upya) kwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, kisha uzirudishe. Nafasi yote itarudi.

Zeze amejibu:

Nafasi itarudi kweli, lakini kama chanzo ni kile ninachokishuku, itapotea tena kwa njia ileile, kwa hiyo ningependa Mwanzi asifomati chochote kwanza.

Tuanze na tofauti ya 7.9 na 7.4, maana hiyo si hitilafu. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Mac imekuwa ikihesabu hivyo tangu toleo la mwaka 2009, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824 na bado huandika GB. Nafasi ni ileile, kipimo ndicho tofauti. Sehemu ndogo inayopungua hadi kufika 8 kamili kwa kawaida hutumiwa na programu ya kifaa chenyewe.

Penye tatizo hasa ni kwenye kufuta. Ukifuta wimbo ulio ndani ya kifaa kwa kutumia Mac, wimbo hauondoki. Huhamishiwa katika folda iliyofichwa iitwayo .Trashes, nayo imo humohumo ndani ya kifaa, ikiendelea kula nafasi ileile. Kinachowapoteza watu wengi ni kwamba ukishakichomoa kifaa, kapu la taka la kompyuta huonekana tupu, kumbe taka zake umeondoka nazo mfukoni. Kiunganishe na Windows, ruhusu faili zilizofichwa zionekane, utazame ukubwa wa folda hiyo. Ukiikuta, rudi kwenye Mac na umwage kapu la taka kifaa kikiwa bado kimeunganishwa. Siku nyingine, bonyeza Command, Option na Delete kwa pamoja ili faili ifutike papo hapo bila kupitia kapuni, ila hakikisha umechagua faili sahihi, kwani hakuna pa kuirudisha.

Dufu amejibu:

Naongezea iwapo folda hiyo haitakuwapo. Kebo ikichomolewa wakati kompyuta ingali inaandika, jedwali la FAT, yaani kumbukumbu ya kifaa ya nafasi inayotumiwa na kila faili, linaweza kubaki na vipande vya nafasi vilivyotiwa alama kwamba vinatumika ilhali si vya faili yoyote. Kwenye Windows, amri ya chkdsk ikifuatiwa na herufi ambayo Windows imekipa kifaa na /f hukusanya vipande hivyo katika faili zenye majina kama FILE0000.CHK, ambazo unaweza kuzifuta. Hapa pia sioni haja ya kufomati.

Mwanzi ameandika:

Nashukuruni sana. Folda ya .Trashes ilikuwapo na ilikuwa imebeba GB 4.3 kwa hesabu ya Windows. Nimemwaga kapu kama nilivyoelekezwa, na albamu mpya imeingia bila shida. Limebaki moja: majina ya baadhi ya nyimbo nilizozifuta bado yanaonekana katika orodha ya kifaa, na nikichagua mojawapo, kinaruka hadi wimbo unaofuata.

Zeze amejibu:

Hiyo ni orodha ya zamani. Vicheza muziki vingi havisomi folda kila vinapowashwa. Huhifadhi faili moja yenye majina ya nyimbo, wasanii na albamu, na faili hiyo haijajua kwamba nyimbo zimeondoka. Tafuta katika mipangilio sehemu ya kusasisha maktaba au kujenga upya orodha, kisha ukiache kifaa kimalize bila kukizima.

Kwa wengine watakaosoma hapa: msiifute faili ya orodha kwa mkono kama kifaa chenu ni iPod ya zamani. Orodha yake, iTunesDB, huandikwa na kompyuta, wala iPod yenyewe haiwezi kuijenga upya. Ukiifuta, nyimbo zitaendelea kujaza nafasi lakini hazitaonekana tena kwenye menyu, na utakuwa umejiletea tatizo hilihili kwa upande wa pili.