Chama chenu cha wakimbizi kilianzaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Zoni 8: Wakuu, leo nimeukuta ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, juu ya kabati, nikakumbuka mbali. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, 2015 tukaletwa Kentucky, Marekani. Chama kilikuwa daftari la michango ya msiba na sufuria la mke wangu. Leo kina ofisi na darasa la Kiingereza. Chenu je?

Mama Furaha: Hivyo hivyo, msiba.

Kijana wa Fizi: Chetu kilianzia hospitali. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto hachezi. Kwenye simu wakatuletea mkalimani wa Kisomali, mara simu ikakatika. Nilikuwa na miaka 11. Daktari akanigeukia mimi. Niliambulia maneno mawili tu: moyo, hakuna. Nikamwambia mama, "Wanasema mtoto amelala." Akauliza, "Ataamka lini?" Nami nikamuuliza daktari hivyo hivyo. Nesi akatoka nje.
Jumapili baba alisimama kanisani akauliza nani anajua Kiingereza. Mikono mitatu. Hao watatu ndio walioanza zamu za kusindikiza wagonjwa, gari moja.

Mama Furaha: Dah. Nimeacha mboga inaungua.

Binti Kasulu: Pole mdogo wangu. Wengine mjue: hospitali inayopokea hela ya serikali ya Marekani inatakiwa ikupe mkalimani bure. Kaa hapo hapo useme "Swahili" mpaka wachoke.

Mhazini Mstaafu: Mnasifia ofisi, hela hamsemi. Ruzuku ya kwanza tu, chetu kikavunjika. Bodi ilikuwa mwenyekiti, mkewe na shemeji yake.

Mama Furaha: Kumbe ni wewe! Lete risiti za lile vani kwanza.

Mhazini Mstaafu: Vani liliandikwa jina la kanisa. Kaulize.

Mrundi wa 72: Sisi Warundi ambao wazazi walikimbia 1972 tulikuja 2008, wengi tumezaliwa Tanzania. Tukaambiwa chama ni cha Wakongomani, tukafungua chetu. Sasa vyama vitatu, ukumbi mmoja, wote tunaugombania Jumamosi.

Binti Kasulu: Sajilini chama mapema. Januari 2025 mapokezi ya wakimbizi yaliposimamishwa, shirika lililotupokea lilipunguza watu, simu zote zikahamia kwetu. Wao walikuwa na siku 90 za kuhudumia kila familia. Sisi mtu anapiga saa nane usiku, jiko linatoa moshi.

Mhazini Mstaafu: Msikimbilie! Ukishapata msamaha wa kodi, kila mwaka unapeleka fomu 990, ile ripoti ya hela za chama, kwa watu wa kodi. Ukiruka miaka 3 mfululizo, msamaha unafutwa. Daftari halifutwi.

Mrundi wa 72: Daftari linaliwa na panya.

Mzee wa Zoni 8: Kijana, mama anaendeleaje?

Kijana wa Fizi: Mzima, mzee. Jumanne anakaa mapokezi ofisini. Mzazi akiitwa kwenda kwa daktari, mtoto anabaki na mama, anapewa biskuti. Kiingereza bado hataki.

Mama Furaha: Mpe salamu. Mhazini, bado nasubiri vani.