Eti dayorama yangu ya Vita ya Tanga ni "midoli" kwa sababu inachekesha?

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu Jumamosi na mke wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo mtanivumilia nyinyi. Wasimamizi, nawaomba sana uzi huu msiuhamishie kule kwenye vichekesho, maana kuhamishwa ndiko kulikonileta hapa.

Kwa wasionifahamu: najenga modeli ndogo za kijeshi, skeli ya 1/35, yaani mtu mzima anatoka na urefu wa sentimita 5 hivi. Sinunui boksi nikagandisha vipande nikaweka juu ya kabati. Naunda tukio zima, ndiyo dayorama yenyewe: udongo, miti, watu na jasho lao. Na matukio yangu yana utani ndani yake. Wenzangu wengi wanapenda vifaru vyenye kutu na wanajeshi waliokunja ndita. Mimi nampenda mpishi wa kambi anayemkimbiza kuku katikati ya gwaride. Kila mtu na ugonjwa wake.

Mwaka huu nikajiandikisha kwenye maonyesho fulani ya ubunifu (siyataji, wenyewe wanajijua), kundi la Historia, ada 30,000 nikalipa. Kazi yangu ilikuwa Tanga, tarehe 4 Novemba 1914, siku nyuki walipoingia vitani.

Sasa kabla hamjasema nimetunga. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, Tanga ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken, kuja kuchukua mji uliokuwa na ulinzi wa kugusagusa tu. Tarehe 2 nahodha wa manowari ya HMS Fox akatangulia bandarini kudai mji usalimu amri, na katika mazungumzo akamuuliza mkuu wa wilaya wa Kijerumani kama bandari imetegwa mabomu. Ndiyo, adui alimuuliza adui. Wakapoteza muda kuyatafuta mabomu, huku kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, akishusha watu wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Askari wakashukia Ras Kasone, wakapita mashambani kuelekea mjini, na risasi zikaanza kupiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Yaliyofuata mtu yeyote aliyewahi kutibua mzinga anayajua. Baadaye Waingereza wakadai Wajerumani waliwafuga nyuki hao kwa makusudi. Lettow-Vorbeck akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hao "nyuki waliofundishwa" walizima bombomu (bunduki za rashasha) zote za kombania yake moja katika dakika muhimu kabisa.

Hebu niambieni, hapo mimi nimeongeza nini? Kichekesho kilikuwepo miaka mia kabla sijafungua chupa ya gundi.

Nilichoongeza ni kimoja, na nakikiri. Ufukweni nimemweka afisa wa Kiingereza ndani ya maji mpaka shingoni, helmeti ya jua kichwani, kiko mdomoni, ramani ameinyanyua isilowe. Hatua tatu pembeni yake, ndani ya maji hayohayo, yupo afisa wa Kijerumani. Hawatazamani. Kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake. Nyuma yao juu ya mchanga bombomu imeachwa peke yake, mkanda wa risasi unaning'inia. Basi.

Miezi saba hiyo, wakuu. Nyasi ni nyuzi za katani nilizozikata kwa wembe na kuzichemsha kwenye rangi (Tanga bila katani ni Tanga gani?). Mchanga nimeuchota ufukweni nikauchekecha kwa chujio la chai mara nne. Bahari ni vanishi tabaka juu ya tabaka, kila tabaka siku mbili kukauka kwa unyevu huu wetu, na mbu wawili waliingia humo, mmoja nimeshindwa kumtoa mpaka leo. Msingi wa kwanza uliyeyuka wote, kwa sababu nilipaka supagluu kwenye lile povu jeupe la boksi la televisheni. Nilijua. Nilisahau. Nikaanza upya.

Na nyuki. Nyuki wa kwetu ana urefu wa milimita 14 hivi. Gawanya kwa 35, unapata sehemu nne za kumi za milimita. Nilihangaika wiki tatu kutafuta kitu cha ukubwa huo mpaka siku moja nikaona jibu chini ya kikombe changu: vumbi la majani ya chai. Unachukua chembe moja kwa ncha ya sindano iliyolowa, unaigandisha kwenye mshipi mwembamba wa kuvulia, unaigusa na rangi ya kahawia yenye dhahabu kidogo, huku umebana pumzi. Ukipiga chafya usiku huo huna nyuki. Nilitengeneza 212. Ukiinama usawa wa meza taa ikiwa nyuma, mshipi hauonekani kabisa, unaona wingu linatetemeka juu ya vichwa vya watu.

Jumamosi asubuhi wakaja waamuzi. Kiongozi wao mzee wa heshima zake, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, una nini hapa?" Akainama. Akawaona wale wawili majini. Wakuu, yule mzee alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akamwita mwenzake, "Njoo uone hawa!" Mwenzake naye akacheka. Mimi nimesimama pale moyoni nasema ushindi huu hapa.

Baada ya nusu saa naletewa karatasi. "Kazi haina uzito unaostahili mada. Vita si mchezo." Mstari wa pili: "Nyuki hawaonekani vizuri. Tumia hata ufuta."

UFUTA! Punje ya ufuta ni milimita 3. Zidisha kwa 35, unapata mdudu wa sentimita 10 na nusu. Huyo si nyuki tena, huyo ni popo. Mtu ananiambia kazi yangu haina uzito wa kihistoria, halafu papo hapo anataka nimrushie askari popo wa njano.

Kurudi kutoka kula, meza yangu iko wazi. Kazi imehamishiwa kona ya watoto, meza ya kimo cha goti, kati ya ndege za karatasi na ng'ombe wa udongo. Kibao changu kimetolewa, wamebandika karatasi: MIDOLI YA VITA. Hakuna kamba, hakuna mtu wa kulinda. Kufika saa tisa afisa wa Kiingereza hana kichwa na nyuki wa upande wa kulia wamelala chini kama kiberiti kilichomwagika. Mama mmoja akaja ananyoosha kiganja, "Samahani sana kaka, nimemkuta nacho huyu mtundu mfukoni." Kichwa kimerudi bila helmeti. Helmeti ile ilikuwa milimita 8, nimeichonga kwa mkono. Kwa mtoto sina neno. Umemwekea mtoto kitu cha kuchekesha mbele ya pua, juu ya meza ya watoto, umeandika midoli. Ulitaka afanye nini, asome?

Aliyeshinda kundi la Historia ameleta kifaru cha Tiger. Mwenyewe kijana mzuri, tulisalimiana, simlaumu. Lakini kimejengwa kama kilivyotoka kwenye boksi, mshono wa plastiki umepita juu ya mtutu toka mwanzo mpaka mwisho, hata msasa haujagusa. Minyororo yake inaelea juu ya ardhi, unapitisha kadi ya benki chini. Tani 50 na zaidi hazielei! Ila kwa kuwa ni cha kijivu na hakuna anayetabasamu, basi kina uzito.

Hapa ndipo ninapotaka tubishane. Anayejenga jambo la huzuni anaweza kusamehewa kitufe alichokosea, mtazamaji keshashika kifua na hatahesabu. Anayechekesha hasamehewi. Utani wa wale maafisa wawili unasimama kwa sababu bunduki ni sahihi, helmeti ni sahihi, mstari wa maji kwenye shati umefika pale maji yanapofika kweli. Kosea kimoja, na unabaki na vijitu viwili kwenye vanishi.

Kuhusu heshima, nimejiuliza hilo swali kabla yao. Watu walikufa Tanga, mamia, na wengi ni vijana wa Kihindi ambao hawakujua hata wameletwa wapi. Kwenye kazi yangu askari wa kawaida anakimbia kama mimi na wewe tungekimbia, hakuna niliyemchora uso wa kijinga. Wanaochekwa ni maafisa. Na kuna kitu siwezi kukifanyia utani hata unilipe: wapagazi. Waliobebeshwa mizigo ya vita ile wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara, mpaka jina la kikosi chao, Carrier Corps, likabaki Kariakoo. Nilianza kuchonga mmoja nikamweka chini. Sasa mtu aliyefikiria mpaka hapo unamwambia vita si mchezo?

Nikampigia simu mratibu. Nikaeleza yote, nikaomba ada yangu. "Kijana wangu, si watu wamefurahi? Ulitaka wacheke, wamecheka." Kuhusu hela, eti fomu ilisema hairudishwi. Nikamuuliza nani alihamisha kazi. Akasema "kamati". Kamati haina mikono, mzee. Kuna mtu alibeba.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mkuu uliyeandika "si ungejenga tu kitu cha maana", asante. Nimeshaanza. Ni Ziwa Nyasa, Agosti 1914. Nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen anaishambulia meli ya rafiki yake wa kunywa naye, Mjerumani Berndt, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, Liuli ya leo. Berndt hajapata habari kwamba kuna vita. Anarukia mtumbwi, anapiga kasia kwa hasira kwenda kumfokea mwenzake na kumuuliza kama amelewa, na anatekwa hapohapo. Hayo pia sikuyatunga mimi.

Shida yangu sasa ni mdomo wa Berndt. Nataka uwe wazi katikati ya tusi, na kwenye kichwa cha milimita 7 kila nikitoboa unatoka kama anapiga miayo. Mwenye mbinu, au mwenye sindano nyembamba kuliko namba 10, anitafute kwenye ujumbe binafsi. Na anayekusudia kuniambia nitumie ufuta, asijisumbue.