Wajukuu wa Bibi Somoe, Mikindani

Mama Shani: Asalaam aleikum wana ukoo. Wakubwa shikamooni. Natuma picha alizopiga Shani kwa ile simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Zitazameni polepole.

Mama Shani: [Picha 5]

Mjomba Issa: Waaleikum salaam, marahaba. Mbona Boma silioni? Jumapili nzima tumemtembeza, jengo limesimama pale tangu 1895, halafu naona mjusi.

Mama Shani: Kaka, sisi tulijipanga mlangoni kupiga picha, yeye kachuchumaa kwenye ngazi. Nikamwita aje apige jengo. Akasema, "Jengo halikimbii mama, mjusi atakimbia."

Baba Mudi: Ya tatu ni kamba?

Mama Shani: Vidole vya bibi vinasuka ukili. Kuza uone gumba linavyokandamiza mkunjo, na ile chane nyekundu inavyopita juu. Nimekulia kwenye mikeka hiyo lakini kovu la gumba sijapata kuliona.

Shangazi Esha: Hilo la korosho. Alikuwa anabangua kwa mkono, mafuta ya ganda yakamuunguza. Ndiyo hela iliyotusomesha wewe, Issa na mimi. Jamani, mtoto wa miaka 6 kaona!

Mjomba Issa: Sikatai. Ila yuko darasa la kwanza, ajue kusoma kwanza. Simu zinaharibu watoto.

Mama Shani: Hofu yako naielewa kaka. Simu haina laini wala bando, na ni nusu saa kwa siku. Kosa lilikuwa langu: akiniletea picha nasema "nzuri sana mwanangu", basi, anaondoka. Siku hizi namuuliza, "Hapa uliona nini?" Anaeleza mpaka uji unapoa. Hizi nimezisafisha studio, fremu kazikata mwenyewe kwenye boksi la sabuni, pembeni kagandisha mabaki ya ukili kwa gundi ya unga wa muhogo. Halafu chini ya picha kaandika MJUSI. Hakuna aliyemsaidia.

Mjomba Issa: Kaandika mwenyewe?

Mama Shani: Mwenyewe. Herufi ya S imegeuka, sikuigusa.

Hamisi: Dada, simu ikiisha chaji mpe kopo la maziwa. Toboa tundu moja katikati ya kitako. Mdomoni funga karatasi nyeupe nyepesi iliyopakwa mafuta ya kula, ikaze kwa mpira. Ajifunike kanga kichwani, karatasi iwe upande wa jicho, tundu lielekee mnazi ulio juani. Atauona mnazi kwenye karatasi, rangi zake zote, ila kichwa chini. Jua lenyewe asilichungulie hata kidogo, macho yataumia.

Baba Mudi: Kichwa chini kwa nini?

Hamisi: Mwanga haupindi kona. Unaotoka kileleni unashuka kupitia tundu, unatua chini ya karatasi. Wa shinani unapanda juu. Ibn al-Haytham wa Basra alishaueleza mwanga unavyopita kwenye tundu miaka kama 1,000 iliyopita. Na neno kamera kwa Kilatini ni chumba tu. Kopo ndiyo chumba chenyewe.

*Jumamosi*

Mama Shani: Tumetengeneza! Tundu la kwanza la msumari, mnazi ukawa kama ukungu. Tukabandika karatasi ya foili pale, tukatoboa kwa sindano: picha ikakaa sawa ila giza zaidi. Shani kahangaika na kopo tangu asubuhi, anataka kujua kuku naye akipinduka anajisikiaje. Bibi naye kaliomba. Ana neno, sikilizeni.

Mama Shani: [Ujumbe wa sauti, 1:12]

Baba Mudi: Niko kwenye basi, kelele tupu. Niandikieni.

Shangazi Esha: Mama anasema hivi: "Mwambieni Issa hilo kopo si geni kwangu. Nilipokuwa kigori, chumba chetu kilikuwa na dirisha la mbao lenye tundu, upande wa njia ya kisimani. Mchana nikijilaza naona watu ukutani, miguu juu, ndoo chini. Nikamwambia mama, akasema nina homa, akanifukiza. Nilipoona tena nikanyamaza. Sijamwambia mtu mpaka leo. Huyu mke mwenzangu kaniwekea kopo jichoni, nikauona mnazi umepinduka vile vile. Nikalia. Kumbe niliona kweli."

Baba Mudi: Subhanallah.

Hamisi: Bibi, chumba chako kilikuwa kamera nzima.

Mjomba Issa: Mama, shikamoo. Miaka yote hii hukutuambia?

Mama Shani: Anakujibu: "Marahaba mwanangu. Hamkuniuliza."

Mjomba Issa: Mama Shani, hapa dukani nina boksi la friji, mtoto anaingia mzima. Nilete lini?

Mama Shani: Kesho saa nne, jua likishakolea. Bibi anasema liwe pana, waingie wawili.