Nihamishie familia Masaki au tubaki Chanika? Naombeni ushauri

Mvuja Jasho: Wakuu habari zenu. Nina mke na watoto watatu, tunaishi Chanika, pembezoni mwa Dar, kazi yangu iko Masaki. Natoka saa kumi alfajiri, daladala mpaka Kariakoo, kisha nyingine. Nikirudi watoto wamelala, chakula changu kimefunikwa kawa mezani. Sasa nimepata nyumba hukohuko Masaki, kodi laki sita kwa mwezi. Kichwa kinaniuma. Tuhame?

Mama Wawili: Hameni, watoto wanamhitaji baba. Usitishwe na shule za mamilioni, Oysterbay na Msasani zipo shule za msingi za serikali. Fuatilia uhamisho mapema, Januari isikukute. Mboga na samaki nunua soko la Namanga, hapohapo jirani.

Dalali Mstaafu: Kwani hapo Chanika umepanga au ni kwako? Huko ushuani nimepangisha sana, enzi hizo bei ni dola tupu, kabla kanuni za 2025 hazijapiga marufuku. Andaa kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja ya dalali. Nilikuwa na mteja, makochi yake yaligoma kupita mlangoni, tukayarudisha Tandika usiku kwa kirikuu.

Kisu Kikali: Masaki, familia nzima, laki sita? Hii chai. Tena swali la dalali kalikwepa. Mods, uzi huu upelekeni jukwaa la hadithi.

Babu wa Pugu: Hata mimi naona chai. Ila foleni ya Gongo la Mboto anaijua, hapo hajadanganya.

Mvuja Jasho: Si chai wakuu. Ni nyumba ya uani, nyuma ya nyumba kubwa, vyumba viwili na jiko. Na Chanika ni kwangu, nimejenga.

Mama Wawili: Watu watano vyumba viwili! Na kwako unamwachia nani?

Mvuja Jasho: Mama yangu. Tunaishi naye. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mke wangu ndiye anayemwogesha. Kule uani kuna ngazi, hawezi. Nitamwekea binti wa kumsaidia, nami kila Jumamosi nitakwenda. Msinione sina utu, huyu mama ndiye aliyenisomesha kwa vitumbua. Lakini na wanangu nao ni damu yangu. Halafu kodi ya miezi sita nimeshalipa.

Kisu Kikali: Kama ni kweli, nisamehe ndugu. Ila ulikuja kuomba ushauri ukiwa na risiti mfukoni.

Babu wa Pugu: Mama yangu alipougua tulimwekea binti, mtoto wa watu, mpole. Siku moja mama akaanguka bafuni, binti yuko gengeni. Alilala pale sakafuni mpaka jirani aliposikia sauti. Usimwachie mgonjwa wa kugeuzwa mtu mmoja.

Dalali Mstaafu: Kaa wewe peke yako huko uani Jumatatu hadi Ijumaa. Au Chanika ipangishe, tafuta nyumba isiyo na ngazi Tabata, mama aende nanyi. Mwenye nyumba mwombe akurudishie hata miezi minne.

Mama Wawili: Mkeo anasemaje?

Mvuja Jasho: Bado sijamwambia.

Mama Wawili: Basi funga simu ukaongee naye sasa hivi, kabla hajaenda kumwogesha mama.